Kutoka Baraza hadi Hati: Msamiati wa Makazi na Historia ya Mitaa ya Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati unaotumiwa na wakazi wa Dar es Salaam wanapopanga, kupangisha, kuuza na kununua nyumba na viwanja. Hoja kuu ni kwamba msamiati huo haukuzuka ovyo. Umejengwa na taasisi za mtaa, hususan baraza, mjumbe na dalali, na kila kipindi cha historia ya mji kimeacha maneno yake ndani yake. Aidha, makala yanaonyesha kuwa maneno kadhaa ya msingi, yakiwemo kodi, mauziano, miliki na hati, yana maana moja mtaani na nyingine mbele ya sheria. Pengo hilo si suala la nadharia ya semantiki peke yake, kwani ndilo ambamo wakazi wengi hupotezea nyumba zao. Mwishoni, makala yanapendekeza namna watunzi wa kamusi na wafasiri wa sheria wanavyoweza kuchangia katika kuliziba.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umeelekea zaidi kwenye sayansi, elimu na utawala, yaani nyanja ambazo zilihitaji maneno mapya. Nyanja ambazo zimekuwa na maneno yake tangu zamani zimechukuliwa kana kwamba hazina tatizo. Nyanja ya makazi ni mojawapo. Hakuna kamati iliyokaa ili kubuni neno *mpangaji* au *dalali*; maneno hayo yalikuwapo, na biashara ya nyumba iliendeshwa kwayo pasipo kuhitaji tafsiri.

Umuhimu wa nyanja hii unaonekana katika takwimu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Katika miaka 10, basi, mkoa uliongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao alihitaji mahali pa kulala. Sehemu kubwa ya makazi hayo haikupatikana kupitia ofisi ya serikali wala benki. Ilipatikana kwa maneno ya watu wawili au watatu, shahidi, na pengine karatasi yenye muhuri. Kwa maana hiyo, soko la nyumba la mji mkubwa kuliko yote Tanzania ni, kwa kiasi kikubwa, tukio la lugha, na lugha yenyewe ni Kiswahili.

Data inayojadiliwa inatokana na matumizi ya kawaida katika mazungumzo ya wakazi, katika mikataba ya mauziano, na katika matini za sheria zinazohusu ardhi na nyumba. Uchambuzi unaongozwa na misingi miwili: uundaji wa maneno kimofolojia, na mabadiliko ya maana kadiri jamii inavyobadilika. Tutaanza na majina ya maeneo, kisha tuingie ndani ya nyumba, tutoke kwa mjumbe na dalali, na kuishia mbele ya sheria.

2.0 Mji Uliogawanywa kwa Majina

Dar es Salaam ilianzishwa na Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Baada ya kifo chake mwaka 1870 mji ulidumaa, hadi Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Mwaka huohuo walitoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa katika kila eneo. Waingereza waliurithi mgawanyo huo na kuutia nguvu katika miaka ya 1920: eneo la kwanza lilikuwa la makazi ya Wazungu, la pili la biashara, ambako Wahindi ndio walioishi kwa wingi, na la tatu la Waafrika.

Katika nyaraka za serikali maeneo hayo yalijulikana kwa nambari, lakini wenyeji waliyapa majina:

(1) (a) U-zungu-ni
    (b) U-hindi-ni
    (c) U-swahili-ni

Muundo wa majina haya unastahili kutazamwa. Kiambishi awali *u-* hakitaji watu, bali hutaja hali au nchi yao, kama katika *Uzaramo* au *Uarabu*. Kiambishi tamati *-ni* hukigeuza kitu kuwa mahali. Kwa hiyo Uzunguni si 'kwa Wazungu' tu, bali ni mahali penye hali ya Kizungu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoyawezesha maneno haya kuishi zaidi ya ukoloni, kwani hali inaweza kubaki hata wakaazi wa awali wakiondoka.

Hata hivyo, hayakuishi kwa namna moja. *Uzunguni* limefifia Dar es Salaam baada ya nyumba za Oysterbay kuchukuliwa na wakubwa wa serikali na wafanyabiashara Waafrika. Nafasi yake imejazwa na neno la mitaani *ushuani*, lililoundwa kwa mofolojia ileile kutokana na *mshua*, yaani mtu mwenye uwezo. *Uswahilini*, kwa upande wake, limepanuka. Zamani lilitaja eneo lililotengwa rasmi. Leo hutaja makazi yaliyosongamana na ambayo hayakupangwa na mipango miji, kama vile Manzese na Tandale. Kigezo kimehama kutoka rangi hadi kipato, lakini umbo la neno halikuguswa. Mzungumzaji anayesema *amekulia uswahilini* anatumia, bila kujua, mpaka uliochorwa na mkoloni.

Majina mengine yaliingia kwa njia ya ajira. *Kariakoo* limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi, waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. *Kota*, katika Magomeni Kota na Ilala Kota, ni neno la Kiingereza la nyumba za wafanyakazi. La kuzingatia ni kwamba neno *kota* limebaki hata nyumba zenyewe zilipoondoka. Wakazi wa Magomeni Kota walihamishwa katika miaka ya mwanzo ya 2010 na nyumba zao kubomolewa. Maghorofa mapya kwa ajili ya kaya 644 yalizinduliwa Machi 2022. Si kota tena kwa maana ya asili, lakini jina limedumu, na pamoja nalo kumbukumbu ya nani alikuwa na haki ya kurudi pale. Jina la mahali, katika hali kama hii, hufanya kazi ya daftari la wakazi.

3.0 Nyumba ya Vyumba Sita

Kitovu cha msamiati tunaouchunguza ni aina moja ya jengo. J.A.K. Leslie, katika utafiti wake kuhusu Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1963, aliieleza nyumba ambayo kila mkazi wa mji huu anaijua: vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mbele yake kuna baraza. Nyumba hii ilijengwa Kariakoo, kisha Ilala, Magomeni na Temeke, na hatimaye kila mahali ambako mtu mwenye akiba ndogo alipata kiwanja.

Kiuchumi, ubora wake ni kwamba inagawanyika. Mwenye nyumba anaweza kuishi katika chumba kimoja na kupangisha vitano. Anaweza pia kujenga vyumba viwili, akapata wapangaji, na kodi yao ikamsaidia kujenga vya tatu na vya nne. Ndiyo sababu kipimo cha soko si *nyumba* bali *chumba*. Mtu husema *natafuta chumba* hata anapotafuta makazi ya familia nzima, na akiwa na uwezo zaidi husema *chumba na sebule*.

3.1 Kupanga, pango na kodi

Kitenzi *-panga* kwa maana ya kukaa katika nyumba ya mtu kwa malipo kimezaa familia kamili ya maneno:

(2) (a) -panga: mpangaji, pango
    (b) -pangisha: mpangishaji, upangishaji

Katika (2b) kiambishi cha usababishi humfanya mwenye nyumba kuwa msababishi: yeye ndiye anayemwezesha mwingine kupanga. Lakini katika mazungumzo ya kila siku neno *mpangishaji* halisikiki. Linalosikika ni *mwenye nyumba*, na zaidi ya hapo, *baba mwenye nyumba* au *mama mwenye nyumba*. Istilahi za ukoo zimeingizwa katika uhusiano wa fedha, na haziko pale kama pambo. Humweka mpangaji katika nafasi ya mtoto wa nyumba: ana zamu ya kufagia ua, anachangia umeme na maji, hurudi usiku kwa saa zinazojulikana, na likitokea jambo la msiba hawezi kukaa chumbani. Kwa upande wa pili, mama mwenye nyumba anayeitwa *mama* huona haya kumtoa nje mtu ambaye kodi imemshinda kwa mwezi mmoja. Neno la ukoo limebeba masharti ambayo mkataba wa maandishi haukuyataja.

Neno *kodi* lina utata mkubwa zaidi. Mtaani lina maana ya malipo ya chumba. Serikalini lina maana ya malipo kwa dola. Sheria hujaribu kutenganisha kwa kusema *kodi ya pango* na *kodi ya majengo*. Utengano huo ulijaribiwa vikali mwaka 2021, serikali ilipoanza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme wa Luku, kwa kiwango cha shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme katika nyumba ya kupanga ni mpangaji. Hivyo mpangaji alijikuta akilipa kodi kwa mwenye nyumba, na palepale akilipa kodi ya jengo ambalo si lake. Serikali ilieleza kuwa wapangaji wakubaliane na wenye nyumba namna ya kurejeshewa. Lakini mpangaji anajadilianaje na mtu anayemwita baba, juu ya kitu kinachoitwa kodi, ambacho tangu zamani ni wajibu wake yeye? Hapa tunaona jinsi utata wa neno unavyohamisha mzigo kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

3.2 Kujitegemea

Katika miongo ya karibuni nyumba ya vyumba sita imepata mshindani. Wapangaji wenye kipato cha kati hutafuta *nyumba ya kujitegemea*, yaani yenye choo, jiko na mlango wake. Neno hili lina historia yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifanya *kujitegemea* kuwa wito wa taifa zima: wananchi washikamane ili nchi isitegemee misaada ya nje. Leo, katika soko la nyumba, neno lilelile lina maana ya kutochangia choo na jirani. Maana imefinywa kutoka taifa hadi kaya, na mwelekeo wake umegeuka: lililokuwa neno la mshikamano limekuwa neno la utengano. Pamoja na mabadiliko hayo, *baba mwenye nyumba* naye hupungua; katika nyumba za kujitegemea husikika zaidi *mwenye nyumba* tupu, na mawasiliano hufanyika kwa simu.

4.0 Taasisi za Mtaa na Maneno Yake

4.1 Baraza

Baraza ni kibao cha udongo au saruji mbele ya nyumba, chini ya upenuo wa paa. Ni mahali pa kukaa jioni, kucheza bao, kupokea mgeni asiyestahili kuingia ndani, na kuzungumza habari za mtaa. Kutokana na mazungumzo hayo neno likapanuka na kuwa *kikao*, na kutoka kikao likawa *chombo*: Baraza la Mawaziri, Baraza la Madiwani. Hata chombo kinachosimamia lugha yetu tangu mwaka 1967 kinaitwa Baraza.

Kwa upande wa makazi, neno limefanya mzunguko kamili. Mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ikayapa mamlaka juu ya migogoro ya ardhi, chini ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja, ambao zamani ungeamuliwa na wazee barazani, ukaamuliwa katika chombo chenye jina la kibao kilekile. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua, yakabakiwa na kazi ya usuluhishi. Mtu anaweza kusema kuwa baraza limerudishwa kwenye maana yake ya kwanza: mahali pa kuzungumza na kupatana.

4.2 Mjumbe

Katika miaka ya kati ya 1960 chama cha TANU kilieneza mfumo wa mashina ya nyumba kumi kumi. Kiongozi wa shina aliitwa *balozi* katika sehemu nyingi za nchi, na *mjumbe* katika mitaa mingi ya Dar es Salaam. Neno *mjumbe* lina mzizi mmoja na *ujumbe* na *jumbe*, cheo cha wakuu wa miji ya Mrima kabla ya ukoloni. Mzizi huo umebeba daima wazo la mtu aliye kati: anayepeleka maneno ya upande mmoja kwa upande wa pili. Wahenga walisema mjumbe hauawi, kwa kuwa maneno si yake.

Ni nafasi hiyo ya kati iliyomfanya mjumbe wa nyumba kumi kuwa shahidi wa kila mauzo ya kiwanja katika maeneo ambayo hayajapimwa. Usemi wa kawaida ni huu:

(3) Twende tukaandikiane kwa mjumbe.

Kitenzi *-andikiana* kina viambishi viwili vinavyobeba mzigo wote wa tendo: *-i-* cha utendea na *-an-* cha utendano. Hakuna anayemwandikia mwenzake peke yake. Kila mmoja anaandika kwa ajili ya mwingine. Nomino *mauziano* inarudia muundo huohuo: *ma-uz-i-an-o*. Katika sarufi ya mtaa, basi, uuzaji wa kiwanja ni tendo la pande mbili linalokamilika pale wanapoafikiana mbele ya shahidi anayejulikana na majirani.

Tangu vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, mjumbe wa shina ni kiongozi wa chama kimoja, si mtumishi wa dola. Mwaka 1994 wakazi walianza kuchagua wenyeviti wa mitaa, na *serikali ya mtaa* ikawa na ofisi, barua ya utambulisho na muhuri. Katika mitaa mingi ofisi hiyo hudai asilimia 10 ya bei ya mauziano yanayoandikiwa kwake. Wakazi wengi hupita kote kuwili: kwa mjumbe kwa sababu anawajua majirani wa pande zote nne, na kwa mwenyekiti kwa sababu ana muhuri. Mmoja ana kumbukumbu, mwingine ana wino.

4.3 Dalali na kilemba

*Dalali* ni neno la asili ya Kiarabu, na ndiye anayewaunganisha wasiojuana. Ujira wake wa desturi Dar es Salaam ni kodi ya mwezi mmoja, ambayo mpangaji mpya huilipa juu ya kodi ya miezi mitatu, sita au mwaka mzima anayotakiwa kuitanguliza. Lawama dhidi ya madalali ni nyingi, lakini isisahauliwe kwamba katika mji usio na daftari la vyumba vilivyo wazi, dalali ndiye daftari. Inafaa pia kutambua kwamba neno hilohilo linatumika katika *dalali wa mahakama*, ambaye hutekeleza amri za kukamata mali na kuwatoa watu nyumbani. Lugha imetoa jina moja kwa anayekuingiza na anayekutoa, kwa sababu wote wawili husimama kati ya mtu na nyumba na hulipwa kwa kusimama hapo.

*Kilemba* kilikuwa kitambaa, au thamani yake, alichopewa mwalimu, fundi au mjomba kwa heshima pale kijana alipohitimu au binti alipoolewa. Katika soko la nyumba na maduka, kilemba ni fedha anazopewa mpangaji anayeondoka ili amwachie mwingine nafasi yake. Mabadiliko haya ya maana yanaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka historia. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971, Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliyaweka mikononi mwa serikali majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia yote. Chombo kilichoyasimamia kiliitwa Msajili wa Majumba, hadi kilipounganishwa na Shirika mwaka 1990. Umbo la ukubwa katika *majumba* si la bahati: *nyumba* zilikuwa za Kariakoo na Magomeni, *majumba* yalikuwa ya Uhindini na Upanga. Kodi zake zilikuwa chini ya bei ya soko, na haki ya upangaji ikawa na thamani ambayo haikuweza kutajwa wazi. Lugha ikatafuta neno la heshima la kuisitiri, ikalipata *kilemba*. Rushwa haikubadilika kuwa zawadi. Bei ilivishwa kilemba.

5.0 Mtaa Mbele ya Sheria

Hadi hapa tumeona msamiati unaojitosheleza. Tatizo hutokea unapokutana na sheria, iliyotungwa kwa Kiingereza na juu ya dhana tofauti.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Mwananchi anachoweza kupata ni haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Matini ya Kiingereza huitaja haki hiyo kwa neno lenye maana ya *ukaaji*. Kiswahili cha kawaida, hata cha ofisini, kimeiita *hati miliki*. Lakini *miliki*, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kuwa na kitu kwa mamlaka kamili, mfalme humiliki. Kwa hiyo katika kuvuka kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, mkaaji amegeuzwa mmiliki. Mwananchi anayeambiwa kwamba hati yake imefutwa kwa kuvunja masharti hushangaa kwa haki, kwani hakuwahi kuambiwa kwa lugha yake kwamba miliki ina masharti.

Hali ya *kununua kiwanja* ni ya kustaajabisha zaidi. Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, msimamo wa sera ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei. Kilichoweza kuuzwa ni maendelezo yaliyo juu yake, kama nyumba au minazi. Sheria ya 1999 ilikubali kuwa haki juu ya ardhi ina thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yakalegeza masharti ya kuuza ardhi isiyoendelezwa. Muda wote huo watu waliendelea kusema *nimenunua kiwanja*, na kwa kweli waliendelea kununua. Jambo hili si la Dar es Salaam pekee. Mombasa nako wako wengi ambao nyumba ni yao na ardhi ni ya mwingine, nao huilipia kodi ardhi hiyo. Lakini huko utengano wa nyumba na ardhi unajulikana kwa pande zote. Dar es Salaam utengano ulikuwa katika sheria tu, haukuwa katika usemi.

Tofauti ya tatu iko katika *mauziano*. Sheria huona uhamisho wa haki, ambao kwa ardhi iliyosajiliwa haukamiliki hadi uandikishwe kwa msajili. Tendo la mtaa ni la watu wawili wanaotazamana. Tendo la sheria ni la mtu na daftari la dola. Kiambishi *-an-* hakina nafasi katika la pili. Tuchukue mfano wa mkazi aliyenunua kipande cha shamba Mbagala, wakaandikiana mbele ya mjumbe, majirani wakatia sahihi. Kwa majirani ushahidi wake hauna shaka. Akitokea mtu mwenye hati iliyotolewa juu ya eneo hilohilo, karatasi yake inageuka kuwa ushahidi wa kwamba alilipa fedha, si lazima wa kwamba alipata ardhi.

Serikali imejaribu kujenga madaraja. Katika miaka ya 1970 mradi wa viwanja na huduma, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ulipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuboresha Manzese. Ndipo jozi ya *kilichopimwa* na *kisichopimwa* ilipozidi kupata nguvu, hata *kimepimwa* likawa neno la kupandisha bei. Katika miaka ya 2000 zilitolewa *leseni za makazi*, haki ya muda mfupi kwa wakazi wa maeneo ambayo hayajapangwa. Neno *leseni*, hata hivyo, mtaani ni la udereva na biashara: ruhusa ya kufanya, si dai la kuwa na kitu. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kurasimisha, MKURABITA. Kitenzi *-rasimisha* kimeundwa kutokana na *rasmi* kwa kuongezwa irabu katikati na kiambishi cha usababishi. Kina dhana iliyofichika: kwamba kabla yake hapakuwa na urasmi. Kwa aliyeandikiwa na mjumbe na kupigiwa muhuri na serikali ya mtaa, kauli hiyo ni sawa na kuambiwa kuwa harusi yake haikuwa ndoa.

Mahali ambapo sarufi hizi mbili hugongana waziwazi ni *bomoabomoa*. Kiuundaji, ni kitenzi kilichorudufishwa kikawa nomino, na urudufishaji katika Kiswahili mara nyingi huashiria tendo la kurudiarudia lisilo na mpango maalumu, kama katika *pigapiga* au *katakata*. Katika bonde la Msimbazi, bomoabomoa iliyoanza Desemba 2015 ilitanguliwa na alama ya X iliyopakwa ukutani kwa rangi nyekundu. Ofisi husema *ubomoaji* au *uondoaji*, maneno yanayodai utaratibu. Mkazi husema *bomoabomoa*, neno linalokana kuwa utaratibu ulikuwapo. Hoja ya kwamba bonde hufurika ni ya kweli, na mafuriko yameua watu humo. Lakini hoja hiyo na hoja ya karatasi za mauziano hazikuwahi kukutana katika lugha moja. Upande mmoja ulizungumza kwa alama, upande wa pili kwa mihuri.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba msamiati wa makazi Dar es Salaam ni kumbukumbu ya mji: Uswahilini lina mipaka ya mkoloni, kota ina ajira zake, majumba yana utaifishaji, kujitegemea lina Azimio, na mjumbe ana shina la nyumba kumi. Tumeona pia kwamba msamiati huo umeendesha soko zima kwa ufanisi ambao haupaswi kudharauliwa. Ulikopungukiwa ni pale tu ulipotakiwa kuthibitisha haki mbele ya chombo ambacho hakikuujua.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Mabadiliko hayo yameleta fursa, na pia hatari. Hatari ni kutafsiri Kiingereza neno kwa neno na kuyaacha maneno ya mtaa yaendelee kuwa na maana mbili kimyakimya. Hivyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kamusi zioneshe waziwazi maana ya kisheria na maana ya kawaida ya maneno kama *miliki*, *kodi*, *hati* na *leseni*. Fasili moja isiyobainisha inampotosha msomaji. Pili, wafasiri wa sheria za ardhi waanze na maneno ambayo wakazi wanayatumia, na pale dhana ya sheria ni finyu kuliko neno, waseme hivyo ndani ya matini yenyewe: *miliki ya muda*, *miliki yenye masharti*. Tatu, wanafunzi wa isimu waelekezwe kuzikusanya karatasi za mauziano kama matini zinazostahili uchambuzi, kabla ya maghorofa na mchwa kuzimaliza.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Neno nalo si umbo lake tu. Kwa mkazi asiye na kitu kingine mkononi isipokuwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili, maana iliyomo ndani ya neno ndiyo paa lake.